Nilibandua stika nikakuta gundi na vumbi la mbao

Jumamosi moja nilikuwa Keko hapa Dar kwa mafundi samani, nimeshika mfuko wa salfeti na ndani yake kuna bati la kriketi. Naposema bati simaanishi la kuezekea nyumba, naongelea lile gongo la kupigia mpira, sisi tunaocheza tunaliita bati na tumeshazoea kuchekwa. Fundi niliyemkuta alikuwa anapiga msasa mguu wa kitanda, akaacha, akalitoa kwenye mfuko, akaligeuza geuza, akalipima mkononi, akaniuliza, "Huu mwiko wa shughuli ya wapi mpaka umewekewa stika?"

Nikacheka ila moyoni naumia, maana huo mwiko ulikuwa umenila rial 30 za Oman, kwa pesa yetu kama laki mbili hivi, na ulikuwa umecheza Jumapili mbili tu ukapasuka.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mimi nacheza kriketi hapa Dar, ligi za wikiendi, sio mchezaji wa kuandikwa gazetini, ni wale wa namba saba namba nane kwenye zamu ya kupiga, tunaoingia wakati mambo yameshaharibika na tunatakiwa tupige tu chochote kinachokuja. Miaka mitatu yote nilikuwa naazima bati, na kuazima bati la mtu ni mtihani kwa kweli, kila ukipiga unaangalia kwanza bati ndo uangalie mpira umeenda wapi, mwenyewe yuko pembeni pale anakukodolea macho kama umembeba mwanae kwenye bodaboda. Nikasema mwaka huu basi, nanunua langu.

Sasa mjomba wangu yuko Maskati miaka mingi, kazaliwa Unguja, kriketi haijui hata kidogo ila anaiona kila Ijumaa, maana mitaa ya Ruwi ukipita Ijumaa asubuhi kila kiwanja cha vumbi kina Wahindi na Wapakistani na Wabangali wanacheza, wiketi, vile vijiti vya kulengwa na mpira, mara boksi mara ndoo. Nikampigia. Shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, wataka nini safari hii. Nikamweleza. Nikamwambia anitafutie bati la mti wa wilo wa Kiingereza, gredi ya kwanza, uzito usizidi kilo moja na robo. Wiki hiyo hiyo akanitumia picha. Jamani lile bati! Jeupe pe, mistari imenyooka kama ya daftari, stika za dhahabu za kampuni kubwa ya India ambayo jina silitaji kwa sababu naamini haihusiki na huu uhuni, na hologramu inang'aa, na maneno yamechongwa kabisa kwa leza kwamba ni gredi ya kwanza. Mjomba akaniambia kuna kijana ameyajaza kwenye buti la gari pale pale uwanjani, anayauza bei ya kutupa kwa sababu anarudi kwao.

Hapo ndo ningetakiwa nishtuke. Bati la kweli la gredi ya kwanza ukilibadilisha kwa pesa yetu linaanzia laki sita saba huko na kupanda, mengine yanavuka milioni kabisa, sasa la laki mbili limetokea wapi? Wahenga walishasema kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, na hili lilikuwa linajitembeza ndani ya gari. Lakini ukishalipenda bati huoni. Nikamwambia mjomba chukua.

Likafika na mtu aliyekuwa anakuja likizo. Nikalipaka mafuta ya linsidi, nikaligonga kwa nyundo ya mbao jioni nne mfululizo, hii ni lazima kwa bati jipya la mpira mgumu, ule wa ngozi wa mechi, unagonga taratibu kwa masaa mpaka nyuzi za mbao zishikane zisije zikapasuka, jirani mpaka akauliza kama siku hizi tunatwanga kisamvu kila siku. Na kwa kweli wakati nagonga kuna kitu nilikisikia. Bati zima lina mlio, pale katikati penyewe panaita, tok, mlio mfupi mkavu unaoruka. La kwangu lilikuwa linasema dup. Nikajidanganya kwamba bado jipya litafunguka mbele ya safari.

Jumapili ya kwanza sikupiga mipira mingi, tulishinda mapema. Jumapili ya pili bola wao, yaani mrushaji, akaleta mpira ukadondokea karibu kabisa na vidole vyangu vya mguu, nikauzuia na kitako cha bati, ikalia kama umepiga godoro lililolowa, mikono ikapata ganzi mpaka kwenye kiwiko. Nilipotoka nikaligeuza nikakuta ufa umeanzia chini kwenye kitako, umepanda mgongoni kama sentimita kumi, halafu umeingia chini ya ile stika kubwa na haujatokea upande wa pili. Wenzangu wakasema bati kupasuka ni kawaida, na ni kweli, hata bati la milioni mbili ukilipiga mpira wa namna ile kwenye kitako linaweza kupasuka, ni mbao hiyo sio chuma. Wakanishauri nilipeleke likagundishwe, ndo hivyo nikajikuta Keko.

Fundi hakuanza na ufa. Alianza na stika. Akaiinua pembeni kwa ncha ya kisu, akaivuta polepole sana, halafu akabaki anapaangalia. Mimi sikuona kitu, kwangu ilikuwa mbao tu. Akachukua kidole akakichovya kwenye kopo la maji akapaka pale. Mbao yote ikabadilika rangi ikawa nzito kidogo kama mbao yoyote iliyolowa, isipokuwa kipande kimoja chenye umbo la yai, urefu kama kidole changu cha shahada, chenyewe kilibaki vile vile, maji yanakaa juu yake kama juu ya jani la mgomba. Akachukua msumari akakwangua. Akanionyesha kiganjani.

"Unaona? Mbao ukiikwangua inatoa uzi. Hii inatoa unga."

Kilikuwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao. Kitu hicho hicho wanachofanya wao pale wakikuta kitanda kina tundu, wanachukua vumbi lililodondoka kwenye randa wanachanganya na gundi wanaziba wanapiga msasa wanapaka vanishi, mteja analala usingizi. Hapo zamani palikuwa na fundo la mti, fundo likatoka, shimo likazibwa, stika ikabandikwa juu. Akang'oa na ule mpira mweusi wa kitakoni, ambao mimi nilijua ni wa kuzuia maji, na kweli kazi yake ni hiyo, chini yake tukakuta ufa mwingine wa zamani uliogundishwa kwa supa gluu mpaka imekuwa njano, na ndani ya ufa kuna udongo. Udongo! Maana yake lile bati lilishachezewa likapasuka na uchafu ukaingia kabla gundi haijaingia, halafu ndo likapigwa msasa upya, likavishwa stika mpya na gripu mpya ya mpini, likaja kwangu kama bibi harusi.

Bado. Akapiga msasa kidogo pembeni kwenye ukingo, juu weupe, ukishuka nusu milimita tu unakuta rangi ya chai ya maziwa. Kumbe hata ule weupe ulikuwa wa kupakwa.

"Aliyefanya hii kazi ni fundi haswa," akasema, na nikasikia kama anamsifia kidogo, "tatizo lake roho tu."

Kwa ambao hawaujui huu mchezo nieleze kwa nini rangi ina maana. Bati zuri linatengenezwa kwa mti wa wilo, wale waliosoma Biblia wanakumbuka mierebi ya kando ya maji, ndo jamii hiyo hiyo, ila kuna aina yake maalumu inayopandwa Uingereza hasa upande wa Essex na jirani zake, unakaa kama miaka 15 mpaka 20 ndo unakatwa. Kuna kampuni ya huko Essex inaitwa J.S. Wright & Sons imeanza biashara hiyo 1894 na mpaka leo sehemu kubwa ya mbao za mabati ya dunia inapita kwao. Mbao yake nyeupe, nyepesi, laini kiasi lakini haikubali kupasuka kirahisi. Halafu kuna wilo wa Kashmir, mti ni wilo pia ila una wekundu au ukahawia, mgumu, mzito zaidi, bei ndogo sana. Bati la Kashmir sio baya, niseme wazi, watoto wengi wa India wamejifunzia hilo na hata sisi ndo tulianza nalo shuleni, ubaya ni kuuziwa Kashmir kwa jina la Uingereza. Chini zaidi kuna mabati ya mti wa popla, India wanayauza yameandikwa "popular willow" na mnunuzi anadhani wilo maarufu, kumbe hata sio wilo ni jina la popla limekosewa au limekosewa makusudi, hilo ni la mpira wa tenisi, ukilipeleka kwenye mpira mgumu utarudi na mpini.

Na Wahindi hapa nisieleweke vibaya, maana nimesikia watu wengi pale uwanjani wakiona imeandikwa imetengenezwa India wanasema ah feki hiyo. Sio kweli kabisa. Mbao za Essex zinapakiwa zinapelekwa Meerut na Jalandhar za India na Sialkot ya Pakistan, huko ndo kuna mafundi wenyewe, familia baba mtoto mjukuu wote wanachonga mabati. Kabla ya 1947 wengi walikuwa Sialkot pamoja, India na Pakistan zilipogawanyika baadhi wakavuka mpaka na randa zao wakaanza upya Jalandhar na Meerut. Hata mabati mengi yenye majina ya Kizungu yanachongwa huko huko. Kwa hiyo India sio dalili ya feki, dalili iko kwenye mbao.

Nilikaa Keko pale mpaka karibu saa kumi jioni. Fundi hajui kriketi, hajui ova, ile zamu ya mipira sita, ni nini, ila alinifundisha kuliangalia bati kuliko yeyote niliyecheza naye. Kwanza akaniambia usiangalie mahali ulipoonyeshwa. Stika imekuonyesha wapi pa kuangalia, wewe angalia kwingine, angalia kitako, angalia kingo, angalia pale mpini unapoingia kwenye ubao. Mistari ya usoni lazima ishuke mpaka kitakoni, uihesabu juu na uihesabu chini, mstari ukipotea njiani ujue umebandikiwa ngozi ya mbao, akanionyesha mlango wa flashi uliokuwa umeegeshwa ukutani, usoni mninga mtupu mzuri hatari, ukiukata ndani vipande vya maboksi. Ile mistari bwana, kila mmoja ni mwaka wa mti, bati lenye mistari minane mti umekua miaka minane kwenye upana ule, kwa hiyo haiwezi ikawa imenyooka na kulingana kama imechorwa kwa rula, mwaka wa mvua nyingi mstari unapanuka na mwaka mkavu unabana. La kwangu lilikuwa zuri kupita kiasi, ndo ugonjwa wenyewe.

Mpini nao ni wa henzirani, ndio ile ile ya bakora za madrasa, vipande vinaunganishwa na katikati vinawekwa mpira ili mtikisiko usifike mkononi, halafu unachongwa ncha kama herufi V ukaingia kwenye ubao. Pale kwenye V ndo pa kukodolea macho. Kiungo kizuri huwezi kuingiza hata ukucha. Kiungo kibaya kina mstari mnene wa gundi, na mara nyingi stika ndogo ya kampuni imekaa hapo hapo juu yake, sasa jiulize kwa nini. Wengine wanaficha kwa uzi unaozungushwa kwenye mpini kuushusha mpaka chini kuliko kawaida. Shika mpini, ubao uweke katikati ya mapaja, upinde kidogo mbele nyuma ukiwa umetega sikio, ukisikia kwii, muachie mwenyewe.

Kuna zile karatasi za plastiki zinazobandikwa usoni kuzuia mikwaruzo, zikiwa angavu sawa, zikiwa za rangi ambayo huoni mbao iliyo chini mimi siku hizi sinunui, hata iwe duka lenye kiyoyozi. Mnunuzi ananunua mbao, sasa mbao yenyewe huruhusiwi kuiona, hiyo si ndo kununua mbuzi kwenye gunia?

Sasa kuna jambo lilinichanganya kwa muda mrefu na naona linawachanganya wengi. Vitu vingi tunavyoviita kasoro sio kasoro, na vitu tunavyovisifia ndo vinatuua. Bati linaweza kuwa na doa kahawia limetawanyika pande mbili kama mbawa, wanaliita doa la kipepeo, watu wanalikimbia, kumbe mbao ya pale ni ngumu na imara. Vidoti vidogo vyeusi, upande mmoja mwekundu kwa sababu umetoka karibu na moyo wa mti, mistari minne mitano tu badala ya kumi, yote haya yanashusha gredi lakini mpira haujui gredi. Kwanza gredi yenyewe hakuna ofisi duniani inayoipima, kila kampuni inajipangia, na inapangwa zaidi kwa sura, yaani ni mashindano ya urembo. Mkongwe mmoja wa klabu huwa anasema bati lenye mistari mingi linapiga mapema na kufa mapema, lenye mistari michache linachelewa kuamka ila mnazeeka wote, na nilivyoyaona mabati yakipita pale klabuni sina cha kumpinga.

Wepesi je? Tunapenda mabati mepesi yenye kingo nene, tunataka bati la kina Virat Kohli, yule mpigaji staa wa India. Tangu 2017 sheria imeweka kikomo, ukingo usizidi milimita 40 na unene wa mgongo usizidi 67, na wauzaji wameigeuza hiyo 40 kuwa tangazo. Ila mbao ni mbao, ukitaka iwe nene na nyepesi kwa wakati mmoja ama upate mti mzuri sana ambao ni ghali, ama uikaushe kupita kiasi. Bati lililokaushwa hivyo ukilipima dukani ni manyoya, na mpira unaruka vizuri tu mwezi wa kwanza, halafu linaanza kupasuka kama midomo ya mtu kwenye kipupwe. Hii kasoro huioni kwa macho na fundi wa Keko pia hakuweza kuiona, alinusa tu akasema mbao hii imekaushwa sana haina tena harufu. Sijui kama pua yangu itafika huko. Kinyume chake nacho kipo, bati kugandamizwa sana na mashine wakati wa kutengenezwa, linakuwa gumu kama kaunta ya benki na mpira haurudi, hapo dawa ni moja tu, usinunue kabla ya kuligonga. Beba mpira wa zamani mfukoni, mruhusu muuzaji akasirike, gonga usoni kote kuanzia juu mpaka chini usikilize. Muuzaji wa mtandaoni muombe video akidundisha mpira, sio picha, maana picha moja inauzwa na watu ishirini.

Stika zenyewe zinauzwa, hilo ndo lilinimaliza. Shiti nzima, kampuni yoyote unayoitaka, hologramu ikiwemo, unaagizia mtandaoni. Wengine wananunua kwa nia njema, bati lao la halali limechakaa wanalivisha upya, na wengine ndo kama rafiki yake mjomba. Na ukifuatilia utaona hata juu kabisa kwenye kriketi stika haimaanishi tunachodhani. MRF iliyokuwa kwenye bati la Sachin Tendulkar wa India na Brian Lara wa West Indies, wapigaji wakubwa kabisa, ni kampuni ya matairi, Madras Rubber Factory. Tairi! Wachezaji wakubwa kuchongewa bati na fundi wanayemwamini halafu likabandikwa stika ya anayewalipa ni jambo la kila siku, na hakuna anayeita feki.

Halafu kuna ile ya Nairobi ambayo kila mpenda kriketi wa Afrika Mashariki lazima akusimulie. Oktoba 1996, uwanja wa Nairobi Gymkhana, kijana wa Pakistan Shahid Afridi hata hajulikani vizuri, anafikisha alama mia kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka, rekodi ya dunia iliyokaa miaka 17. Bati alilotumia lilikuwa la Tendulkar. Tendulkar alikuwa amempa Waqar Younis, mwenzake Afridi kwenye timu ya Pakistan, ampelekee Sialkot mafundi wamchongee jingine la kufanana nalo, yaani lilikuwa ni sampuli ya kutolea kopi, Waqar kabla hajalifikisha akamwachia dogo ajaribu. Kwa hiyo kopi nayo kumbe ina heshima yake, inategemea anayekopi ni nani na anakwambia au hakwambii.

Mjomba sikutaka kumwambia. Kila akinitumia sauti ya WhatsApp, "vipi bati limepiga?", namjibu limepiga mjomba alhamdulillah. Wiki mbili nikadanganya hivyo. Mwishowe nikamtumia picha ya lile shimo. Akanyamaza siku nzima, kesho yake akaleta sauti, "Aa mwanangu, mie niliambiwa hichi kitu cha Uingereza, mpaka nikamwachia chenji yule," na nikasikia vibaya kuliko nilivyosikia bati lilipopasuka. Ijumaa akaenda uwanjani kumtafuta yule kijana. Gari halipo, wenzie wanasema hawamjui, mmoja akasema na yeye alinunua kwake, wakacheka wote kwa aibu. Mjomba akabaki akaangalia mechi mpaka mwisho, anasema sasa ameanza kuielewa elewa. Angalau hilo.

Bati jipya nimepata, nimenunua kwa jamaa wa klabu nyingine anayehamia Canada, laki tatu na nusu, limetumika msimu mmoja. Ni baya jamani. Lina doa la kipepeo upande wa kulia kama mtu kalimwagia chai ya rangi, mistari mitano, stika imechanika nusu na nusu iliyobaki nikamuomba niibandue kabla sijatoa pesa, akanishangaa ila akakubali. Nikachovya kidole kwenye chupa ya maji nikapaka mgongo mzima, jamaa anapiga picha anawatumia wenzie. Ikalowa yote sawasawa. Nikahesabu mistari kitakoni, mitano. Nikaligonga, tok. Kilo moja na gramu 170. Wikiendi iliyopita nimepata alama 31, kwangu mimi hiyo ni sikukuu, na mpira mmoja ulivuka baundari, ule mpaka wa uwanja, nikiwa hata sijaukamia.

Na lile la kwanza bado liko Keko. Fundi aliligundisha vizuri ila akaniambia ukweli kwamba mpira mgumu haliwezi tena, wapwa zangu watalichezea mpira wa tenisi. Kilichotokea ni kwamba alilibakiza dukani akalipigia vipimo vyote, upana, urefu, V ya mpini, na nilipolifuata nikakuta amechonga lake la mninga. Nikacheka sana. Nikamsimulia kwamba 1979 kule Perth Dennis Lillee wa Australia aliingia uwanjani na bati la aluminiamu, yaani bati la bati kabisa, Waingereza wakalalamika linaharibu mpira, baada ya hapo sheria ikaandikwa kwamba ubao wa bati lazima uwe mbao. Fundi akauliza, mbao gani? Nikamwambia haijasema, imesema mbao tu.

Akafurahi sana. Tukalipima kwenye mzani wa muuza mkaa wa jirani, kilo mbili kasoro kidogo, mtu wa kulibeba ova 20 labda awe mpiga debe wa Ubungo. Kabla sijaondoka akachukua maka peni nyeusi, akaniuliza kampuni huwa wanaandika sehemu gani, nikamwonyesha mgongoni, akaandika kwa herufi kubwa amejikunja kabisa ili isipinde: ORIJINO.